Tipeti ya unene gani kwa strima kwenye vijito vya trauti? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya maswali yanarudi kila mtu anapopanga safari ya kuvua trauti Mlima Elgon, huku Uganda, au anapovuka mpaka wa Suam kwenda upande wa Kenya. Majibu ni ya vijito vidogo, vile unavyovuka bila maji kufika kiunoni, ukiwa na rodi (fimbo ya kuvulia) nyepesi ya namba 3 mpaka 5 na strima. Flai ni chambo bandia kilichofungwa kwenye ndoano, na strima ni flai inayozama na kuvutwa ionekane kama kasamaki. Ukivua na flai ndogo zinazoelea juu, namba zinabadilika kabisa, usizichukue hizi.

## Mambo ya msingi

Tipeti ni nini hasa, na kwa nini nisifunge flai moja kwa moja kwenye mshipi?

Mshipi mkuu wa flai ni mnene na una uzito wake, huo ndo unaorushwa, sio flai. Mbele yake kuna lida, uzi unaoanza mnene ukipungua taratibu, na mbele ya lida ndo kuna tipeti, kipande cha unene mmoja unachofungia flai. Kila ukibadilisha flai unakata sentimita kadhaa, sasa bora ukate tipeti ambayo unaongeza kipande kingine dakika hiyo hiyo kuliko kumaliza lida ya bei.

Alafu kuna jambo ambalo watu hawalifikirii: tipeti inatakiwa iwe dhaifu kuliko kila kitu nyuma yake. Kitu kikilazimika kukatika, kikatike pale mbele, urudi nyumbani na lida yako na mshipi wako.

Kwani Uganda kuna trauti?

Si samaki wa kwetu kiasili. Kenya walianza kupandwa mwaka 1905, mto Gura kule Aberdare, na kwenye vijito vya Elgon walipandwa baadaye, wakati huo huo wa ukoloni. Anayekaa kwenye maji ya huku ni yule reinbo, wa mstari wa waridi ubavuni. Anataka maji baridi, kwa hiyo usimtafute chini kwenye joto la Mbale, panda juu. Ukweli usemwe, wengi wetu tukitaka trauti wa uhakika tunavuka mpaka, ila uchaguzi wa tipeti ni ule ule pande zote mbili za mlima.

Hizi namba za X zinasomwaje?

Zinaenda kinyume: namba ikipanda, uzi unakuwa mwembamba. Toa namba ya X kwenye 11, unapata unene kwa elfu za inchi. Mfano 3X, 11 toa 3 ni 8, basi ni inchi 0.008, karibu milimita 0.20. Kwa mtindo huo 0X ni milimita 0.28, 1X ni 0.25, 2X ni 0.23, 4X ni 0.18 na 5X ni 0.15.

X inakwambia unene tu, nguvu ni habari nyingine na inategemea kampuni. Kwa makadirio ya nailoni ya kawaida, 1X inabeba kama kilo 5 hadi 6, 2X kilo 4 na nusu hivi, 3X kilo 3 na nusu hadi 4, 4X kama kilo 2 na nusu hadi 3, 5X kilo 2 na kidogo. Soma pembeni ya spuli, imeandikwa, saa zingine kwa pauni, gawanya kwa 2.2 upate kilo.

Sina muda wa kusoma yote. Ninunue ipi?

2X. Ukiwa na hela ya spuli mbili, 2X na 3X, na hapo umemaliza, hizo zinatosha karibu kila kijito cha mlimani chenye trauti. Hiyo 5X anayokusukumia muuzaji kwa sababu umetaja trauti, mwachie.

Lakini samaki wenyewe ni wa robo kilo, uzi wa kilo 4 na nusu wa nini?

Hili ndo swali kubwa kuliko yote kwenye ukurasa huu, na anayeuliza hivyo anafikiri tipeti inapigana na uzito wa samaki. Haipigani na uzito. Chukua rodi yako ya namba 4, funga mshipi kwenye kimizani kidogo cha kuning'iniza, mwenzako akishike, alafu vuta rodi ikunjike mpaka uogope kuivunja. Utashangaa mshale unavyokataa kufika hata kilo moja. Kwa hiyo ukishampata samaki na rodi imekunjika, hata 5X ingetosha.

Shida iko kwenye ile nusu sekunde ya kwanza. Na strima unavuta mshipi kwa mkono, rodi imeelekezwa chini kwa samaki, uzi umenyooka hauna ulegevu hata kidogo, na yeye anaigonga akiwa anakimbilia upande mwingine. Wewe unavuta huku, yeye anavuta kule, na rodi haijakunjika bado kwa hiyo haisaidii chochote. Juu ya hapo kijito ni kidogo, nje una mita tano sita za mshipi, na uzi hunyumbuka kulingana na urefu wake, mfupi hunyumbuka kidogo. Kwenye mto mpana mwenye mita ishirini nje ana kitu cha kupunguza ule mshtuko, wewe huna. Ndo maana katrauti ka robo kilo kanakata 5X kama hakuna kitu na mtu anabaki akisimulia lijitu lililomtoroka.

Sababu nyingine mbili ni matawi na uzito wa flai, nimezieleza chini kwenye maswali yake.

Samaki hataogopa uzi mnene?

Kwa flai inayoelea juu ya maji yaliyotulia, ndiyo, anaweza kukataa, kwa sababu ana muda wa kuichunguza na uzi mgumu unaiburuta flai isivyo kawaida. Strima haipiti hivyo. Inapita ikikimbia, samaki ana nafasi ya kuamua mara moja tu, na kwenye kijito cha mlimani ambako chakula ni haba akisita mwenzake anachukua. Anaangalia kinachokimbia.

Kinachowafukuza kweli ni wewe kusimama wima ukingoni, kivuli chako, na buti zako kwenye changarawe. Piga magoti kwanza, ya uzi tutaongea baadaye.

## Kuchagua kulingana na flai na maji

Saizi ya flai inahusika vipi?

Anza na flai, usianze na samaki. Kanuni ya zamani ni kugawanya saizi ya ndoano kwa 3, jibu ndo X yako. Ndoano namba 8 inakupa kama 2.7, sema 3X. Kwa strima mimi siifuati neno kwa neno: namba 8 naiweka kwenye 2X, namba 4 na 6 kwenye 1X au 2X, namba 10 kwenye 3X, na vile vidogo vya namba 12 kwenye 3X au kwa shida 4X.

Strima iitwayo Woolly Bugger, ya namba 8, yenye shanga ya shaba au tungsten kichwani ndo mfano mzuri kwa sababu kila mtu anayo. Ni nzito kwa saizi yake. Ukiifunga kwenye 5X, ukirusha, nguvu inayotoka kwenye mshipi ikifika kwenye tipeti inakufa, flai inaanguka rundo juu ya uzi wake mwenyewe, au inazungukazunguka hewani mpaka tipeti inasokotana. Na pale fundo linapokaa, uzi unapinda mahali pamoja kila ukirusha, unachoka, alafu siku inakatika hewani bila samaki wala tawi. Tipeti nene inaibeba ile shanga mpaka mwisho, flai inatua mbele ambapo ulikuwa unataka.

Flai nyepesi isiyo na shanga je?

Hapo unaweza kushuka hatua moja, 3X badala ya 2X, maana uzi mnene na mgumu unakifanya kitu chepesi kitembee kama kijiti. Ila kabla hujashuka, badilisha fundo kwanza, angalia swali la mafundo.

Kijito changu kimejaa magogo, mizizi na mawe. Niende mnene zaidi?

Ndiyo, na hapa hakuna mjadala sana. Kwenye kijito cha mita tatu, trauti akishikwa hakimbii mbali, anaingia chini ya mzizi ule ule aliotokea, hiyo safari ni ya mita moja. Huna nafasi ya kumchezea, unamgeuza pale pale au amekwenda. 1X inakuruhusu kumshikilia bila huruma.

Kuna faida nyingine ya pesa. Ndoano nyingi za strima za waya mwembamba kiasi zinanyooka kabla ya 1X kukatika. Flai ikinasa kwenye gogo, unavuta, ndoano inafunguka kidogo, flai inarudi, unaikunja tena na koleo ukirudi ukingoni. Na 4X hiyo flai unaiacha kwenye gogo, na huku kwetu ambapo flai zinakuja na mtu aliyesafiri, kila moja inauma.

Usizidishe tu. Ukifika 0X au mnene zaidi kwenye lida ya rodi ya namba 3, unakaribia hatari ya tipeti kuwa na nguvu kuliko kitu kingine nyuma yake, na ukinasa vibaya kinachokatika kinaweza kuwa lida kule juu.

Kiangazi, Desemba mpaka Februari, maji ni kama kioo. Hapo vipi?

Hapo ndo 3X inapata kazi yake, na 4X kwa flai ndogo isiyo na uzito kwenye dimbwi lililotulia. Fluorokaboni, aina ya uzi nitakayoieleza chini, pia inaanza kuwa na maana. Lakini kabla ya kupunguza unene, refusha lida kidogo, vua asubuhi mapema au jioni, na rusha ukiwa chini ya dimbwi ukiangalia juu. Mara nyingi hayo yanatosha na unabaki na 3X yako.

Baada ya mvua, maji ya kahawia?

1X, hata usifikirie. Samaki haoni uzi, wewe hauoni magogo mapya yaliyoshuka, na flai utakayoweka ni kubwa na nyeusi. Lakini maji yakianza kupanda unayaona kwa macho au yameanza kuleta majani na matope ghafla, toka mtoni. Mvua inaweza kuwa inanyesha juu mlimani wewe uko kwenye jua, na vijito vya Elgon vinajaa haraka, bannange usijaribu.

Tipeti iwe ndefu kiasi gani?

Fupi kuliko unavyofikiri. Lida yote pamoja na tipeti iwe mita 1.8 mpaka 2.3, na katika hiyo tipeti sentimita 40 hadi 60. Zile lida za futi tisa zinazouzwa ni za mahali penye nafasi ya kurusha, ukiingia nayo chini ya miti nusu ya lida inabaki ndani ya pete za rodi na fundo linagonga kila pete.

Kama mshipi wako una ncha inayozama, achana na lida ya kupungua, funga kipande kimoja cha 1X au 2X cha mita moja hivi moja kwa moja. Lida ndefu kwenye mshipi unaozama inaiacha flai ikielea juu huku mshipi uko chini, kazi bure.

Narusha kwa kuvuta flai kama mshale na kuachia, kwa sababu ya vichaka. Inabadilisha kitu?

Inabadilisha urefu, unene unabaki. Lida na tipeti pamoja zisizidi urefu wa rodi, vinginevyo huwezi kuikunja vizuri. Na shika flai kwa mkunjo wa ndoano, ncha ikiangalia nje, ukishika vibaya ndoano inaingia kidoleni ukiachia.

## Nailoni, fluorokaboni na vingine

Nailoni au fluorokaboni?

Kwa vijito vidogo na strima, nailoni inatosha, na mwenye hela chache asisumbuke. Inanyumbuka zaidi, na umeona hapo juu kwa nini mnyumbuko una thamani kwenye umbali mfupi. Mafundo yake yanakaza kirahisi. Ubaya wake inanyonya maji na kupoteza sehemu ya nguvu ikilowa, na jua linaiua.

Fluorokaboni ni nzito kuliko maji kwa mbali, inazama haraka, ni ngumu kukwaruzika kwenye mawe, hainyonyi maji. Kuhusu kutoonekana: maji yanapinda mwanga kwa kiwango cha 1.33, fluorokaboni 1.42, nailoni inapita 1.5. Iko karibu zaidi na maji, ndiyo, lakini haijapotea machoni, usiamini maandishi ya kwenye boksi yote. Faida ninayoilipia mimi ni ile ya kukwaruzika. Kijito chenye mawe makali ya volkano, na Elgon ni volkano ya zamani, kinakula nailoni kwa ukingo, na hapo fluorokaboni ya 2X inarudisha bei yake.

Naweza kutumia nailoni ya duka la kawaida la wavuvi?

Unaweza, na watu wanavua nayo vizuri. Tafuta iliyoandikwa milimita 0.23 au 0.25 na ujue mambo mawili. Kwanza, nailoni za bei rahisi mara nyingi ni nene kuliko ilivyoandikwa, kwa hiyo ukilinganisha na tipeti ya kweli kwa vidole utahisi tofauti. Pili, kwa unene ule ule ni dhaifu kuliko tipeti na ina ukaidi wa kubaki imejikunja kama ilivyokaa kwenye spuli. Ivute polepole kati ya vidole mpaka ipate joto, itanyooka.

Ile mishipi minene ya ndoano za mputa (sangara) usihangaike nayo, haipiti hata kwenye tundu la flai ndogo.

Mshipi wa kusuka je, ule una nguvu sana na ni mwembamba?

Hapana. Haunyumbuki kabisa, mafundo yanateleza, unaonekana, na ukinasa utakata mkono wako kabla haujakatika.

Tipeti inakaa muda gani kabla ya kuharibika?

Nailoni iliyokaa kwenye giza na ubaridi inakwenda msimu mmoja au miwili bila shida. Iliyokaa juu ya dashibodi ya gari ikipigwa jua kila siku, itupe. Fluorokaboni inavumilia jua zaidi. Ila usinisikilize mimi wala tarehe ya boksi, jaribu: kata kipande, funga fundo la kawaida katikati, vuta kwa mikono kwa nguvu inayopanda taratibu. Ikikatika bila kukubishia, spuli imekwisha. Na toa zile mita za nje za kwanza kwenye spuli ya zamani kabla ya kuilaumu yote, ndizo zinazopigwa na mwanga.

Ukiwa na dawa ya mbu yenye DEET mkononi, futa kabla ya kushika vifaa, inakula plastiki ya mshipi mkuu.

## Mafundo na kukatika

Nifunge flai kwa fundo gani?

Kwa strima, fundo la kitanzi lisilokaza kwenye tundu. Unaanza na fundo legevu kwenye tipeti, unapitisha ncha kwenye tundu la flai, unairudisha ndani ya lile fundo legevu kwa upande ule ule ilikotokea, unazungusha mara nne hivi kwenye uzi mkuu, unairudisha tena ndani ya fundo, unalowesha na mate na kukaza. Inabaki pete ndogo, flai inacheza ndani yake kwa uhuru. Hili ndo linakuruhusu kutumia 2X hata kwa flai nyepesi bila kuikakamaza.

Ukishindwa hilo kwa sababu vidole vimeganda na baridi ya asubuhi, lile la kuzungusha mara tano na kurudisha ncha ndani linafaa. Kwa 1X au mnene zaidi zungusha mara nne tu, uzi mnene ukizungushwa sana haukazi mpaka mwisho. Mate ni lazima, uzi mkavu ukikaza unajichoma kwa msuguano na kupoteza nguvu hapo hapo.

Na kuunga tipeti kwenye lida?

Weka nyuzi mbili sambamba, fanya kitanzi kwa zote pamoja, pitisha ncha zote ndani mara mbili, lowesha, vuta ncha nne kwa pamoja. Pitisha mara tatu ikiwa unaunga fluorokaboni kwenye nailoni au unene umepishana, maana fluorokaboni ni ngumu na inateleza. Usiruke hatua nyingi: mwisho wa lida ukiwa 0X ungia 1X au 2X, sio 4X.

Imekatika. Nitajuaje kosa lilikuwa nini?

Usitupe ile ncha, iangalie kwa karibu kabla ya kufunga flai nyingine. Shika juu ya kitu cheusi kama kofia au buti.

Ikiwa imejiviringisha kama mkia wa nguruwe, uzi haukukatika, fundo liliteleza likafunguka. Unene hauna kosa, fundo lako lina kosa, na kuongeza unene hakutasaidia. Ikiwa imekatika wima, safi, fupi, hiyo ni nguvu kuzidi, ama mshtuko wa lile gonga la kwanza ama ulinyanyua rodi kwa hasira. Hapo ongeza unene hatua moja. Ikiwa na manyoya, weupe na mikwaruzo sentimita kadhaa juu ya mahali ilipokatikia, ni mawe au meno, na ulitakiwa kubadilisha mapema.

Aina ya nne ni kukatika mahali ambapo hapakuwa na fundo, na unakumbuka umekuwa ukirusha vibaya kwa nusu saa. Hicho ni kifundo cha upepo, kile kinachojifunga chenyewe hewani, na kinaweza kuondoa hata nusu ya nguvu ya uzi. 2X yenye kifundo ni dhaifu kuliko 4X safi. Kila baada ya muda pitisha sentimita 30 za mwisho katikati ya midomo au juu ya ukucha, utahisi kifundo au mkwaruzo ambao jicho halioni.

Inakatika wakati wa kushtua samaki, kila mara. Nishaongeza unene mpaka 1X.

Basi ni mkono. Acha kunyanyua rodi. Na strima unavuta mshipi kwa mkono wa kushoto, mvuto mrefu, rodi ikibaki chini, mpaka uhisi uzito, ndo unanyanyua. Unavuta sawa na ulivyokuwa ukivuta flai, ila hausimami. Na mshipi ukiwa umeushika kwa vidole viwili tu, samaki akikimbia unaachia, ukiwa umeuzungusha mkononi hauachii na kitu kitakatika.

Nimenasa chini. Nafanyaje nisipoteze yote?

Usivute kwa rodi, utaivunja. Legeza kwanza, saa zingine mkondo unaisukuma flai na inajinasua. Ikikataa, nenda juu ya mkondo uvute kutoka upande ilikoingilia. Ikikataa tena, elekeza rodi moja kwa moja kwenye flai, zungusha mshipi kwenye kijiti au mkono wa koti, geuza uso, vuta polepole. Flai yenye shanga ikichomoka inarudi kama risasi, vaa miwani.

## Maswali ya pembeni

Narudisha samaki majini. Uzi mwembamba si unamuumiza kidogo?

Kinyume chake. Uzi mwembamba unakulazimisha kumchezea muda mrefu, anachoka, na samaki aliyechoka kabisa anaweza kufa hata ukimrudisha vizuri. Na 2X unamleta kwa dakika moja, unatoa ndoano isiyo na kijino cha kuzuia akiwa bado majini, anakwenda. Ukipima maji yamepita nyuzi 20 za Selsiasi, acha kuvua trauti siku hiyo, maji ya joto hayana hewa ya kumtosha.

Naweza kufunga flai mbili?

Kwenye kijito chenye matawi ni kujitafutia kazi. Ukilazimisha, strima iwe mbele kwenye 2X, na ile ndogo ifuate nyuma kwa 3X au 4X ya sentimita 35, ili ikinasa ile ya nyuma upoteze moja.

Rodi yangu ni ya namba 2. Bado 2X?

3X na flai za namba 10 na 12. Rodi hiyo haiwezi kurusha shanga nzito hata hivyo.

Nikimpata kisinja (barbel, samaki wa mitoni) badala ya trauti, kwenye mito ya chini?

Kisinja ni habari nyingine. Mdomo wake hauna meno ya kukata, lakini anakimbilia mawe na ana nguvu kuliko trauti wa uzito ule ule, na anaendelea kukua mpaka kilo ambazo trauti wa kijito haoti. 1X ndo pa kuanzia, 0X ni bora, fluorokaboni kwa sababu ya mawe, na lida ndefu kidogo kuliko niliyosema juu.

Na mputa kule Murchison, tipeti hizi hizi?

Hapana jamani. Meno ya mputa ni kama msasa na kifuniko cha shavu lake kinakata, watu wanaweka lida ya pauni 80, 100 na kupanda. Kuna na samaki-chui (tigerfish) kwenye maji yale yale, huyo anakata kila kitu isipokuwa waya. Vifaa vya kijito cha trauti viache garini.

Nahitaji ruhusa kuvua Elgon?

Sehemu za juu ni hifadhi ya taifa chini ya UWA, mamlaka ya wanyamapori ya Uganda, uliza ofisi yao kabla ya kupanda na rodi mgongoni, na chukua mtu wa pale Kapchorwa au Bukwo anayezijua njia. Upande wa Kenya kuna leseni yao ya uvuvi wa burudani, na ukivukia Suam pitia mpakani na kitambulisho, usivuke mto kienyeji eti samaki yuko upande wa pili.

Vipande vya tipeti nilivyokata nivipeleke wapi?

Mfukoni, mpaka nyumbani, alafu vikate vipande vifupi kabla ya kutupa. Nailoni haiozi kwa miaka mingi na fluorokaboni ndo kabisa, na ndege akishafungwa mguu na 2X hawezi kuikata.